Matunzo ya Mashine ya Boti Iliyokwisha Tumika

Mashine ya boti ya mipigo minne iliyokwisha tumika huingia magharibi mwa Tanzania kwa njia ileile waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi katika karne ya 19: kutoka pwani, kupitia Tabora, hadi Ujiji. Siku hizi hupanda lori, au treni ya Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tabora ndipo mizigo inapogawanyika. Reli moja huenda Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine Mwanza kwenye Ziwa Victoria, na tawi linaloanzia Kaliua huelekea Mpanda, ambako barabara hushuka hadi Karema ziwani. Mashine hiyo, iwe Yamaha, Suzuki, Honda, Tohatsu au Mercury, mara nyingi imefanya kazi miaka kadhaa baharini, ng'ambo, mikononi mwa mtu ambaye mnunuzi hatamjua kamwe. Imepakwa rangi, imepanguswa, na haina daftari. Hakuna ajuaye oili ilibadilishwa lini, mkanda una miaka mingapi, wala kama iliwahi kuchemka. Kwa hiyo fundi mwangalifu huichukua kana kwamba hakuna kilichowahi kubadilishwa, na huanza kuhesabu saa zake upya tangu siku anapoipokea.

Katika mialo ya Kigoma kama Kibirizi na Katonga, watu wengi walijifunzia kazi kwenye mashine za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli kwa aina nyingi. Mashine hizo huchoma oili pamoja na mafuta, na sehemu zake zinazozunguka ni chache. Mashine ya mipigo minne hula petroli kidogo zaidi, haina kelele sana, na hunguruma taratibu bila kukohoa. Lakini hubeba oili yake tumboni, ina valvu zinazopaswa kufunguka na kufunga kwa wakati, na nyingi zina mkanda unaozungusha shafti ya kufungulia valvu hizo. Huvumilia kazi nyingi, haivumilii kusahauliwa. Kosa linalotokea mapema ni la dumu: petroli yenye oili ikitiwa kwenye mashine ya mipigo minne, plagi hujaa masizi na mashine hushindwa kuvuta. Petroli tupu ikitiwa kwenye ya mipigo miwili, pistoni hukwama. Mwaloni penye mashine za aina zote mbili, madumu hutofautishwa kwa rangi, na rangi hizo hazibadilishwi.

Matunzo huanza kabla ya mashine kugusa maji, kwa sababu safari yenyewe huweza kuiumiza. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na mashine ikisafirishwa imelazwa, oili yake hufuata mwinamo. Mashine nyingi ndogo zina upande mmoja tu zinaoruhusiwa kulalia, nao huonyeshwa kwa alama au kibandiko mwilini. Ikilazwa upande usiofaa, oili hupenya hadi ndani ya silinda na kukaa juu ya pistoni. Mtu akiivuta kamba kwa nguvu, pistoni hukutana na oili isiyobanika, na mkono wa pistoni waweza kupinda papo hapo. Hivyo mashine iliyotoka safari husimamishwa wima kwa saa kadhaa, plagi zote hutolewa, na kamba huvutwa taratibu mara chache ili kilichoingia kitoke kwenye matundu ya plagi. Hapo ndipo oili hupimwa. Plagi zikiwa bado nje, hupimwa pia mbano wa kila silinda kwa geji. Namba yenyewe hutofautiana kwa kila aina ya mashine. Kinachotafutwa ni usawa. Silinda moja ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 kulinganisha na mwenzake, pana valvu isiyofunga vizuri au ringi zilizochoka, na bei ya mashine hiyo inastahili kuzungumzwa upya.

Mashine iliyotoka baharini huja na chumvi. Chumvi hukauka ndani ya njia za maji, hugeuka magamba, na kuziba sehemu nyembamba zinazozunguka silinda. Dawa yake ni pipa la maji baridi. Propela hutolewa kwa usalama, mashine hufungwa kwenye pipa lililojaa hadi maji yazidi usawa wa pampu, kisha huachwa ingurume polepole bila gia kwa robo saa au zaidi. Mfuniko wa thamostati ukifunguliwa baadaye, hali ya ndani huonekana wazi: palipo na unga mweupe mgumu, kazi ya kusafisha haijaisha.

Chumvi inahusu pia kitu kidogo ambacho wanunuzi wengi hawakijui, yaani anodi. Ni kipande cha madini kilichofungwa karibu na propela na kwenye mabano ya mashine, ambacho huliwa na kutu badala ya mwili wa mashine. Kwenye maji ya chumvi hutumika zinki. Kwenye maji baridi kama ya Tanganyika, zinki hujifunika utando na kuacha kufanya kazi, huku ikionekana nzima kabisa. Mwenye mashine huitazama, huona haijapungua, na huridhika, wakati bodi ya alumini inaliwa pembeni. Kwenye maziwa anodi ifaayo ni ya magnesiamu au ya aloi ya alumini. Haipakwi rangi, na inapopungua hadi karibu nusu hubadilishwa.

Sasa oili, ambayo ndiyo roho ya jambo hili lote. Vitabu vya watengenezaji wengi husema oili ya injini ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Maneno hayo yaliandikwa kwa kumfikiria mtu anayetoka na boti mwishoni mwa juma. Mvuvi wa dagaa ni mtu mwingine. Boti inayokwenda saa nne kwa usiku, usiku 20 kwa mwezi, hufikisha saa 80 ndani ya mwezi mmoja. Anayeshika neno “mwaka” na kusahau neno “saa” huendesha mashine hiyo karibu saa 1,000 kwa oili ileile, na kisha huilaumu nchi ilikotengenezwa. Uvuvi wa dagaa una kalenda yake. Dagaa huvutwa kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa taa hazifui dafu, hivyo boti nyingi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo ndizo za oili. Anayebadilisha oili kila mbalamwezi hatakosea, hata kama saa zake hazijatimia 100.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Mashine hungurumishwa kwanza ipate joto ili uchafu uelee ndani ya oili, kisha husimamishwa wima, na nati ya kumwagia hufunguliwa juu ya chombo safi. Filta, kwa mashine iliyo nayo, hubadilishwa kila mara ya pili, au kila mara kwa mashine mpya machoni pa mwenyewe. Oili inayofaa ni ya mashine za boti za mipigo minne, yenye alama ya FC-W kwenye chupa, uzito wa 10W-30 au 10W-40. Oili ya magari huendesha mashine, lakini haikutengenezwa kukabiliana na unyevu wa kila siku. Oili ya kupima, inayochotwa kwenye pipa bila jina, haifai hata kwa dharura. Hujazwa hadi alama ya juu ya kijiti na si zaidi.

Kijiti hicho kinastahili kutazamwa kila alfajiri, na kutazamwa kwa makini, kwa kuwa kwenye mashine ya mipigo minne hatari si oili kupungua tu. Oili kupanda ni habari mbaya zaidi. Mtu huchomoa kijiti, huona oili imevuka alama ya juu ingawa hakuongeza hata tone, na hufurahi kwamba mashine “haili oili”. Akinusa atakuta harufu ya petroli. Akisugua tone hilo kati ya vidole ataliona jepesi, lisiloshika. Petroli imeshuka kupita ringi na kuchanganyika na oili, na oili ya namna hiyo hailindi tena beringi. Sababu huwa kadhaa. Thamostati iliyotolewa ndiyo ya kawaida: fundi huitoa akidhani anaipoza mashine, kumbe silinda zisizopata joto haziwezi kuchoma petroli yote. Kukaa muda mrefu ikinguruma polepole wakati nyavu zinashughulikiwa huleta matokeo hayohayo. Pampu ya petroli iliyopasuka utando wake huvujisha petroli moja kwa moja tumboni mwa injini.

Sababu nyingine ni ya mahali penyewe. Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko karibu mita 1,200. Kila mita 100 za kupanda huondoa takriban asilimia 1 ya nguvu ya injini kwa sababu hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani huendelea kutoa petroli ileile kwa hewa iliyopungua. Plagi huwa nyeusi na petroli iliyobaki huelekea kwenye oili. Ziwani tofauti ni ndogo. Kwenye bwawa la Igombe karibu na Tabora mjini, au kwenye mito Ugalla na Malagarasi, huonekana zaidi, na fundi anayejua kazi hubadilisha jeti ya kabureta kwa ndogo zaidi, au hufunga propela yenye mwinamo mdogo ili mashine ifikie mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Mashine za sindano za petroli nyingi hujirekebisha zenyewe. Sababu yoyote iwayo, oili iliyopanda haipunguzwi kwa kumwaga kiasi. Humwagwa yote, chanzo hutafutwa, ndipo huwekwa mpya.

Chini, ndani ya kasha la gia, kuna oili nyingine kabisa, nzito, na hali yake husomwa kwa rangi. Nati mbili huziba kasha hilo, ya chini na ya juu. Ya chini hufunguliwa kwanza juu ya sufuria au kopo jeupe. Oili ikitoka nyeusi au ya kijani iliyokolea, imechoka tu. Ikitangulia kutoka maji, au ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, sili imepitisha maji na gia ziko njiani kuharibika. Nati ya chini huwa na sumaku kwenye mashine nyingi: unga laini wa chuma ni kawaida, vipande vyenye ncha si kawaida. Oili mpya husukumwa kutoka chini kwenda juu hadi itokeze kwenye tundu la juu bila mapovu. Nati ya juu hufungwa kwanza, ndipo ya chini, na wasa zote mbili huwa mpya. Wasa ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na seti ya gia.

Kinachoharibu sili ziwani mara nyingi ni uzi wa nyavu. Uzi wa nailoni ukinaswa na propela hujisokota nyuma yake, huyeyuka kwa joto la msuguano, na kukaza kama pete ngumu iliyobana shafti. Kwa nje hakionekani kitu. Kwa sababu hiyo propela hutolewa kila mwezi, si kila mwaka: pini huchomolewa, nati hufunguliwa, propela huvutwa, na uzi wote hukatwa kwa kisu kwa uangalifu sili isiguswe. Shafti hupakwa grisi isiyoyeyushwa na maji kabla ya kurudishwa, na pini hubadilishwa ikiwa imepinda.

Pampu ya maji hutegemea impela ya mpira yenye mabawa laini. Kazi yake hujulikana kwa mchirizi mdogo wa maji unaotoka kando ya mashine. Mchirizi huo huangaliwa kila mara mashine inapowashwa, na usipoonekana ndani ya sekunde chache, mashine huzimwa. Kuiwasha nchi kavu “kwa dakika moja tu kuijaribu” kwatosha kuunguza impela, kwa kuwa maji ndiyo yanayoilainisha. Mchanga wa ufukweni huila pia, na boti zinazoingia na kutoka mwaloni kila siku huuvuta mwingi. Mashine huinuliwa mapema kabla ya kufika kina cha magoti. Kwenye mabwawa ya Malagarasi na Ziwa Sagara tatizo ni majani na tope linaloziba vyujio vya kuingizia maji. Impela ya mashine ya kazi hubadilishwa kila mwaka bila kusubiri ishara. Ya mashine iliyotoka ng'ambo hubadilishwa siku ya kwanza, na bawa likikutwa limekatika hutafutwa hadi lipatikane, maana kipande hicho kimekwenda kuziba mahali fulani juu.

Petroli magharibi mwa Tanzania hupita mikono mingi kabla ya kufika mtumbwini: kituo, pipa, dumu, chupa. Kuchakachua petroli kwa mafuta ya taa kulikuwa kumeenea kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa hayachomeki vizuri kwenye injini ya petroli, na yasiyochomeka huingia kwenye oili. Tone la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka na kutoacha kitu. Lililochanganywa na mafuta ya taa huacha duara la mafuta. Maji ni adui mwingine. Filta yenye kikombe angavu cha kutenga maji, ikifungwa kati ya tanki na mashine, huyaonyesha yakiwa yametulia chini ya petroli, na kikombe humwagwa. Tanki hujazwa kupitia chujio, na tundu lake la hewa hufunguliwa kabla ya safari.

Plagi hukaguliwa kila mbalamwezi pamoja na oili. Rangi ya kahawia hafifu huonyesha uchomaji mzuri, nyeusi kavu petroli nyingi au safari za polepole mno, nyeusi yenye oili ringi au valvu, na nyeupe joto kupita kiasi. Mwanya wake hupimwa kwa geji, kwa kufuata kitabu cha mashine husika.

Valvu na mkanda ni kazi za fundi mwenye vipimo, na ni chache kwa mwaka, ila zikipuuzwa hugharimu injini nzima. Mwanya wa valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Kwa mashine nyingi huwa karibu milimita 0.2 upande wa kuingiza na zaidi kidogo upande wa kutolea moshi. Mkanda wa mpira watengenezaji wengi huupa umri wa saa 1,000 au miaka mitano. Kwa mashine isiyo na historia, mkanda haukaguliwi ili uamuliwe. Hubadilishwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470. Mkanda ukikatika usiku katikati yake hakuna nanga inayofika chini, na upepo wa kusini wa kiangazi huipeleka boti unakotaka. Maisha ya watu walio botini yanategemea kitu hicho cha mpira.

Kuna pia muda wa kupumzika. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ya kukaa huharibu mashine kuliko miezi mitatu ya kazi ikiwa haikuandaliwa. Kwenye ziwa hilohilo pana mfano wa kazi ya namna hii uliofanywa kwa ustadi wa ajabu. Meli Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, na kuletwa kwa makasha hadi Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili Waingereza wasiipate. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka injini grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924, baada ya karibu miaka minane chini ya maji, injini zake zilikutwa zinafaa, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Mashine ndogo haihitaji grisi nyingi hivyo. Oili hubadilishwa kabla ya kuihifadhi, si baada, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi inayokula beringi kimyakimya. Petroli yote humwagwa kutoka kwenye kabureta kwa nati ya chini ya bakuli, la sivyo hukauka na kuacha gundi ndani ya jeti. Plagi hutolewa, kijiko kidogo cha oili safi hutiwa kila silinda, kamba huvutwa taratibu mara mbili tatu, na plagi hurudishwa. Grisi husindiliwa kwenye vichuchu vyote vya mabano na usukani. Mashine husimamishwa wima hadi maji yote yachuruzike, na hubaki wima stoo. Tundu la mchirizi huzibwa kwa kitambaa, maana nyigu wa udongo hupenda kujenga humo.

Siku ya kuirudisha kazini kitambaa hutolewa, waya mwembamba hupitishwa kwenye tundu, petroli mpya huwekwa, na mashine huwashwa kwenye pipa kabla ya kupelekwa mwaloni. Moshi wa bluu wa dakika za mwanzo ni ule wa oili iliyowekwa kwenye silinda na haupaswi kudumu. Mashine ikishafungwa kwenye ubao wa nyuma wa boti, skrubu zake hukazwa, na baada ya safari ya kwanza hukazwa tena, kwa kuwa mtikisiko huzilegeza ubao unapolowa na kukauka. Mnyororo au kamba nene hufungwa kati ya mashine na mbavu za boti, ili skrubu zikiachia, mashine ining'inie badala ya kuzama.